Jicho Lisiloona na Saa ya Mwili: Upofu, Tezi ya Pineali na Usingizi Nakuru

Kati ya mwaka 2007 na 2008, kikosi cha wataalamu wa macho kikiongozwa na Dkt. Wanjiku Mathenge kilizunguka iliyokuwa Wilaya ya Nakuru, kikapiga kambi katika sehemu 100 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walipimwa macho, wakapigwa picha za retina, wakapimwa presha na sukari. Mwaka 2013 na 2014 kikosi kingine, chini ya Dkt. Andrew Bastawrous aliyehamia Nakuru pamoja na familia yake, kilirudi kuwatafuta watu walewale. Waliopatikana na kupimwa tena walikuwa karibu nusu. Wengine walikuwa wamefariki, wengine wamehama, na wakazi wa Bonde la Ufa hawahitaji kuelezwa jinsi watu walivyotawanyika kwa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Katika awamu hiyo ya pili ndipo programu ya Peek, inayopima uwezo wa kuona kwa simu ya mkononi, ilipojaribiwa.

Kwa sababu ya kazi hiyo, Nakuru ni mojawapo ya sehemu chache za Afrika ambako hali ya macho ya wazee inajulikana kwa takwimu za kuaminika. Upimaji wa 2007 na 2008 ulikuta kwamba asilimia 1.6 ya watu wa umri huo walikuwa vipofu, na mtoto wa jicho alikuwa miongoni mwa visababishi vikubwa. Kipofu, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ni mtu ambaye jicho lake lililo bora haliwezi kuona katika mita 3 kile ambacho jicho zima hukiona katika mita 60. Ni kipimo kizuri kwa kupanga miwani, upasuaji na fimbo nyeupe. Lakini kinaweka katika kapu moja watu wa aina mbili ambao miili yao inaishi maisha tofauti kabisa: yule ambaye mwanga bado unaingia machoni mwake, hata kama hauleti picha yoyote, na yule ambaye mwanga hauingii tena. Wa kwanza amepoteza kuona. Wa pili amepoteza kuona, na pamoja nako amepoteza kitu kinachouambia mwili wake kwamba kumekucha.

Tofauti hiyo hujitokeza kliniki kwa muda mfupi sana. Mgonjwa asipoweza kusoma hata herufi kubwa kuliko zote ubaoni, mhudumu humsogelea akainua vidole na kuuliza ni vingapi. Akishindwa, mkono hupungwa mbele ya uso wake: je, anaona kitu kikisogea? Akishindwa hapo pia, tochi huwashwa, ikaelekezwa kwenye jicho kutoka upande huu na ule. "Mzee, unaona mwanga?" Jibu huandikwa kwa herufi chache kwenye kadi, na likiwa "sioni", mara nyingi halisomwi tena, maana kwa upande wa miwani na upasuaji safari imeishia hapo. Mimi naamini ni kinyume chake. Jibu hilo la tochi ndilo linalopaswa kufungua mazungumzo mengine, kuhusu usingizi, uchovu na saa za kazi, na ni mazungumzo ambayo wagonjwa wetu wengi hawajawahi kuanzishiwa.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi tuufuate mwanga kuanzia mbonini hadi ndani ya ubongo.

Shuleni tulifundishwa kwamba retina ina seli za fimbo za kuonea penye mwanga hafifu na seli za koni za kuonea rangi. Kwa zaidi ya miaka 100 wanasayansi waliamini hizo ndizo seli pekee za jicho zinazohisi mwanga. Mwaka 1998 Ignacio Provencio na wenzake walitangaza protini mpya inayohisi mwanga waliyoikuta kwenye ngozi ya chura, wakaiita melanopsini. Mwaka uliofuata kikundi cha Russell Foster nchini Uingereza kilionyesha kwamba panya wasio na fimbo wala koni bado hurekebisha saa zao za mwili kwa mwanga, lakini panya walioondolewa macho hawawezi. Kisha mwaka 2002 David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani akaonyesha seli zenyewe: idadi ndogo ya seli za ganglioni, zile zinazopeleka ujumbe wa jicho ubongoni, zina melanopsini na zinahisi mwanga bila kuhitaji fimbo wala koni. Hupendelea mwanga wa buluu, wa mawimbi ya karibu nanomita 480, ambao umejaa katika anga ya asubuhi. Kazi yake kubwa si kujenga picha. Hupima tu mwanga ni mwingi kiasi gani, na umedumu kwa muda gani.

Nyuzi za seli hizo hupita ndani ya neva ya jicho hadi kwenye kundi la seli zipatazo 20,000, lililo juu kidogo ya mahali neva mbili za macho zinapopishana. Hapo ndipo ilipo saa kuu ya mwili. Tezi ya pineali, inayotengeneza melatonini, haiko mbali, lakini amri ya saa hiyo haiendi kwake kwa mkato. Hushuka kwa uti wa mgongo hadi usawa wa kifua, ikapanda tena kupitia fundo la neva lililo juu shingoni, ndipo ikarudi kichwani kuifikia tezi. Kwa hiyo mtu aliyeumia shingo na uti wake ukakatika hukosa melatonini ya usiku ingawa macho yake ni mazima. Giza likiingia na saa kuu ikiruhusu, neva hizo humwaga noradrenalini, na tezi huanza kugeuza serotonini kuwa melatonini, homoni inayouarifu mwili mzima kwamba ni usiku. Mwanga mkali ukiingia machoni katikati ya usiku, uzalishaji huo hushuka upesi.

Tezi yenyewe ni ndogo sana, ya milimita chache, na uzito wake haufiki hata robo gramu. Katika karne ya 17 Descartes aliipa heshima ya kuwa makao ya roho. Homoni yake haikujulikana mpaka mwaka 1958, pale daktari wa ngozi Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale alipoichuja kutoka kwa tezi za ng'ombe zilizokusanywa machinjioni kwa maelfu. Alikuwa akitafuta kitu kinachobadilisha rangi ya ngozi. Aliyoipata ni homoni ya usiku.

Hapa ndipo wengi hupotea njia, hasa wanaoamini kwamba pineali ni jicho la tatu linaloona lenyewe. Kwa wanyama wengine imani hiyo ina ukweli. Mijusi wa mawe wenye vichwa vya rangi ya chungwa, wanaoota jua kwenye miamba ya Hell's Gate, wana kijicho kidogo utosini kinachohisi mwanga, na ni ndugu wa karibu wa tezi ya pineali. Kuku naye, seli za pineali yake zinahisi mwanga zenyewe, na ndani kabisa ya ubongo wake kuna seli nyingine zinazohisi mwanga unaopenya fuvu. Mfugaji wa kuku wa mayai pale Bahati au Rongai, anayewasha balbu bandani kabla ya alfajiri ili siku ya saa 12 ifike saa 16, anazungumza na seli hizo bila kuziona. Kuku aliyezaliwa kipofu bado huitikia balbu hiyo, na hutaga.

Binadamu hana njia hiyo. Fuvu letu ni nene, tezi imezama katikati ya ubongo, na seli zake zimepoteza uwezo wa kuhisi mwanga zenyewe. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani walitangaza kwamba mwanga ulioelekezwa nyuma ya magoti ulisogeza saa ya mwili, na habari hiyo ikaenea duniani kote. Wengine walipolirudia jaribio hilo kwa uangalifu zaidi, mwaka 2002, hawakuona athari yoyote. Kwa mtu, mlango wa mwanga ni mmoja tu, jicho, na mlango huo ukifungika kabisa hakuna dirisha la pili.

Kinachofuata baada ya kufungika kwake kinategemea sifa moja ya saa hiyo kuu: haiendi saa 24 kamili. Kwa wastani mzunguko wake kwa binadamu ni saa 24 na dakika 11 hivi, na kwa wengine ni zaidi. Ni kama saa ya ukutani inayochelewa kidogo kila siku, na mwanga wa asubuhi ndio mkono unaoisogeza mbele ikaenda sawa na jua. Nakuru iko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta, kwa hiyo kwa mwenye macho mkono huo hauchelewi: Januari au Julai, jua huchomoza karibu saa ileile, na mchana huwa na saa 12 na dakika chache.

Mwaka 1977 jarida la Science lilichapisha habari za mtu kipofu nchini Marekani, mwenye kazi na ratiba ya kawaida, ambaye mwili wake ulikuwa ukienda kwa mzunguko wa saa 24.9. Alijitahidi kulala na kuamka kama wenzake, akitumia dawa za usingizi usiku na vichangamshi mchana, na bado kila baada ya wiki chache mwili ulimkatalia. Mwaka 1992 Robert Sack na Alfred Lewy, wa Oregon, walipima melatonini ya vipofu 20 wasioona mwanga kabisa, wakakuta karibu nusu yao saa zao zinaelea hivyo, bila kushikamana na mchana wala usiku. Tafiti za baadaye zimekuta kiwango hicho au zaidi kidogo. Wengine waliobaki hushikamana na saa 24, baadhi kwa sababu saa yao ya kuzaliwa nayo iko karibu sana na 24, na baadhi kwa sababu macho yao bado yanapokea mwanga bila wao wenyewe kujua.

Tuchukue mfano wa mtu ambaye mzunguko wake ni saa 24 na nusu. Leo usingizi unamjia saa nne usiku, naye analala kama watu wote. Kesho utamjia saa nne na nusu. Baada ya wiki mbili unamjia saa kumi na moja alfajiri, wakati majirani wanawasha jiko. Siku ya 24 tezi yake inamwaga melatonini saa nne asubuhi, akiwa kazini au darasani, na usiku analala macho wazi. Kisha mambo yanaanza kunyooka, na siku ya 48 amerudi saa nne usiku, akajiona amepona. Wiki moja nzuri, halafu safari inaanza upya. Aliye karibu naye, mke, mzazi au mwalimu, huona tu mtu ambaye mwezi huu ni mchangamfu na mwezi ujao anasinzia mchana kutwa. Wasiojua huita uvivu, wengine msongo wa mawazo, wengine dawa za kulevya. Mwenyewe hajui aseme nini, kwa sababu tatizo linalokuja na kuondoka ni gumu kulieleza kwa daktari, hasa ukifika kliniki katika wiki nzuri.

Naomba jambo moja lieleweke vizuri. Tezi ya mtu huyo haina ugonjwa. Haijasinyaa wala haijalala. Inatoa melatonini kwa kiasi cha kawaida na kwa mdundo wake uleule, ila kwa saa yake yenyewe. Nimesikia watu wenye nia njema wakisema upofu "huua" pineali, na wengine wakisema "huifungua" ikawa na nguvu za ajabu. Kauli zote mbili zinampotosha mgonjwa: ya kwanza inamkatisha tamaa, ya pili inamfanya aone haya kulalamika.

Sasa turudi kwenye kapu lile la vipofu wa Nakuru tuwatenganishe kwa swali la tochi.

Wengi wao wana mtoto wa jicho, na habari yao ni njema kuliko ya wengine. Lenzi iliyofifia huzuia picha, lakini mwanga hupenya, na retina iliyo nyuma yake kwa kawaida ni nzima. Mtu huyu akipigwa tochi atasema anaona mwanga. Tatizo lake ni la aina nyingine: lenzi hiyo hugeuka rangi ya manjano au kahawia, ikachuja mwanga wa buluu, ule hasa ambao seli za melanopsini zinauhitaji. Na mara nyingi mgonjwa mwenyewe amekaa ndani. Nje, jua la adhuhuri la Bonde la Ufa linafikia kiasi cha laksi 100,000. Ndani ya nyumba yenye dirisha dogo ni laksi mia moja au mia mbili, pengine chini ya hapo. Bibi anayeongozwa asubuhi kutoka kitandani hadi kwenye kochi la pembeni, akashinda hapo ili asijikwae, amenyimwa mwanga mara mbili, na lenzi na kuta. Kumtoa nje asubuhi akae uani saa moja au mbili, uso ukiwa wazi, hakugharimu chochote, na nashangaa ushauri huu hautolewi kwa kila familia inayosubiri zamu ya upasuaji. Upasuaji wenyewe huruhusu mwanga kupita tena, na tafiti kadhaa zimeona wagonjwa wakilala vizuri zaidi baada yake.

Presha ya macho ni habari nyingine. Ugonjwa huu unaua seli za ganglioni zenyewe, kimya kimya, kuanzia pembeni mwa uwanja wa kuona, na watu wenye asili ya Afrika huupata mapema na kwa ukali zaidi. Katika hatua za mwisho seli za melanopsini nazo hupungua, mboni haiitikii mwanga vizuri, na usingizi huvurugika. Tone la dawa linalowekwa kila jioni huokoa kuona, na huokoa pia saa ya mwili. Sukari isiyodhibitiwa huharibu retina kwa namna yake, na mwishowe inaweza kuleta presha kali ya jicho inayomwacha mgonjwa na jicho lenye maumivu lisiloona mwanga. Trakoma, ambayo bado inasumbua jamii za wafugaji Baringo, Narok na Kajiado, hukwaruza na kutia kovu mbele ya jicho. Nyuma ya kovu retina mara nyingi iko salama, kwa hiyo mwanga huingia kwa kiasi.

Pombe yenye methanoli haina huruma hiyo. Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu hiyo, na wengine walioponea wakapofuka. Mwili hugeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva ya jicho, njia ileile ya ujumbe wa mwanga. Aliyeamka baada ya tukio kama hilo akiwa haoni hata tochi anastahili kuulizwa kuhusu usingizi wake pamoja na mambo mengine yote.

Kundi linalonihuzunisha zaidi ni la walioondolewa macho. Wakati wa kuvuna mahindi Njoro au Molo, jani kavu likimchoma mtu jichoni linaweza kuacha kidonda kinachoingiwa na kuvu au bakteria. Wengine huanza na dawa za majani au matone ya dukani, siku zinapita, kidonda kinatoboka, na mwishowe jicho linatolewa. Likiwa moja, lile lililobaki linatosha kuiongoza saa. Yakiwa mawili, mlango umefungwa kabisa. Ndiyo maana wataalamu wa usingizi wanasihi kwamba jicho la pili la kipofu lisiondolewe kwa sababu ya sura tu. Mwaka 1995 Charles Czeisler na wenzake, wa Boston, waliwamulika vipofu 11 waliosema hawaoni mwanga hata kidogo. Kwa 3 kati yao melatonini ilishuka kama kwa mwenye macho. Wawili wao walipofunikwa macho, haikushuka. Macho yale, ambayo wenyewe waliyahesabu kuwa mafu, yalikuwa yakifanya kazi kila asubuhi. Mwaka 2007 watafiti wengine walieleza habari za mwanamke wa miaka 87, asiye na fimbo wala koni zinazofanya kazi, ambaye aliweza kusema taa ya buluu imewashwa au imezimwa, ingawa taa za rangi nyingine hakuzijua.

Saratani ya retina ya watoto ni kesi tofauti, na hapo sisiti. Mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ya mtoto aliye chini ya miaka mitano ni dharura, na daktari akisema jicho litolewe ili uhai uokolewe, litolewe. Kwa baadhi ya watoto saratani hushika macho yote mawili. Mtoto huyo atakua, ataenda shule, na wazazi wake wangepaswa kuambiwa mapema, siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali, kwamba usingizi wake unaweza kuzunguka na kwamba kuna tiba.

Kuna jambo moja la Nakuru ambalo haliwezi kuachwa katika mjadala huu, nalo ni maji. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia floridi nyingi kwenye visima vya Nakuru, Gilgil na Naivasha, mara nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya rangi ya kahawia ni alama inayojulikana ya watu waliokulia huku, na Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mwaka 2001 Jennifer Luke, nchini Uingereza, alichapisha vipimo vya pineali za maiti 11 za wazee, akaonyesha kwamba chokaa inayojikusanya ndani ya tezi hiyo hushika floridi, na kwamba tezi zenyewe zilikuwa nayo kwa wastani wa miligramu 297 kwa kilo. Kutoka hapo hadithi ikakua, ikafika hadi kwenye simu zetu: kwamba maji ya Nakuru yanafunga jicho la tatu na kuharibu usingizi. Vipimo vya Luke ni vya kweli. Lakini floridi kuwamo kwenye chokaa ya tezi hakuthibitishi kwamba mtu aliye hai amepoteza melatonini yake. Chokaa hiyo huonekana kwenye picha za eksirei za vichwa vya watu wazima wengi wanaolala vizuri kabisa. Floridi ipigwe vita kwa kile inachofanya kwa hakika, kuharibu meno na mifupa ya watoto. Kwa kipofu asiyelala, kuelekeza lawama kwenye kisima kunamwondoa kwenye tiba iliyopo.

Na tiba ipo. Kwa kuwa saa ya mtu huyu imekosa ujumbe wa mwanga, inaweza kupewa ujumbe wa usiku badala yake. Mwaka 2000 Sack na wenzake walitoa melatonini miligramu 10 kila siku kabla ya kulala kwa vipofu 7 ambao saa zao zilielea. Kwa 6 kati yao, saa ya mwili ikashikamana na saa 24. Baadaye ilionekana kwamba hata nusu miligramu inaweza kutosha, na kwamba siri haiko katika wingi bali katika saa: kidonge kimezwe saa ileile kila jioni, bila kuruka, kwa miezi na miaka. Si dawa ya kulazimisha usingizi usiku wa leo. Mwili ukiwa katika awamu isiyofaa, itabidi mtu asubiri wiki kadhaa mpaka saa yake izunguke ndipo dozi ndogo iishike, na wengi huacha kabla ya hapo wakisema haifanyi kazi. Januari 2014 Marekani iliidhinisha dawa nyingine, tasimelteoni, mahususi kwa ugonjwa huu kwa vipofu, lakini bei yake ni kubwa mno kwa mgonjwa wa kawaida wa Kenya. Melatonini ndiyo njia ya mtu wetu, chini ya uangalizi wa daktari, hasa kwa mtoto, mjamzito au anayetumia dawa za kifafa au za kuyeyusha damu.

Ratiba nayo husaidia, ingawa si kwa nguvu ya mwanga. Chakula cha saa ileile, mazoezi ya saa ileile na kuamka kwa saa ileile huisukuma saa kidogo kidogo, na kwa mtu ambaye mzunguko wake uko karibu na 24 hilo linaweza kutosha. Nawafikiria hapa wanariadha wetu wasioona. Henry Wanyoike alishinda dhahabu ya mita 5,000 kwenye Michezo ya Walemavu ya Sydney mwaka 2000, na Samwel Mushai Kimani akashinda mita 1,500 London mwaka 2012 na Rio mwaka 2016. Kati ya Kenya na Sydney wakati wa michezo ile palikuwa na tofauti ya saa 8. Mkimbiaji anayepokea mwanga hurekebishwa na jua la huko baada ya siku chache. Mkimbiaji asiyeupokea hubeba saa yake kutoka nyumbani hadi mstari wa kuanzia, na kocha asiyelijua hilo atadhani amechoka kwa safari.

Shule za bweni zinanigusa zaidi. Thika School for the Blind ilianzishwa mwaka 1946, na Bonde la Ufa lina shule yake ya wasioona Kapenguria. Watoto wanalala, wanaamka na kusoma kwa kengele moja. Ndani ya bweni hilohilo wamo wanaoona kwa mbali, wanaoona mwanga tu, na wasioona chochote. Kwa mtoto wa kundi la mwisho, kuna wiki ambapo kengele ya alfajiri humkuta katika usiku wa manane wa mwili wake, na mtihani wa hesabu ukaangukia wiki hiyo. Walimu wa shule hizi wanawajua watoto wao kuliko daktari yeyote. Wakipewa maarifa haya, wao ndio watakaogundua.

Kugundua kwenyewe hakuhitaji maabara kila mara. Kipimo cha uhakika ni cha melatonini kwenye mate au mkojo, kinachorudiwa baada ya wiki kadhaa, na hicho si rahisi kukipata Nakuru. Lakini shajara ya usingizi ya miezi miwili inaweza kusema mengi: kila siku saa ya kulala, saa ya kuamka, na usingizi wa mchana, ikiandikwa kwa Breli au ikitamkwa kwenye simu na mtu wa nyumbani. Simu ya aina ileile iliyotumika kupima macho Nakuru ingeweza kupokea sauti hiyo na kuipanga. Mhudumu akikuta usingizi unazidi kuchelewa kwa kiasi kilekile wiki baada ya wiki, nusu saa kwa siku au dakika 20, ukazunguka mchana wote na kurudi usiku, na kadi ya kliniki ikaonyesha kwamba mgonjwa haoni mwanga wa tochi, ana sababu ya kutosha ya kumpeleka kwa daktari na shajara mkononi, badala ya kumrudisha nyumbani na vidonge vya usingizi.